Mpira Haurithiwi Kama Shamba

Kisomo cha Watu Wazima: Somo la Historia

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na mwenye miwani aivae.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya mpira wa miguu, na hasa habari za watoto wa wachezaji mashuhuri. Tutatazama walianzaje kucheza, walisaidiwa na nini, na jina la baba liliwafikisha wapi.

Labda mmoja wenu atauliza, "Sisi ni wakulima wa mpunga na kakao, na wengine ni wavuvi. Habari hizi zatuhusu nini?" Zinatuhusu sana, ndugu zangu. Kila mzazi hujiuliza atamwachia mwanawe kitu gani. Mwenye shamba humwachia shamba. Mwenye ng'ombe humwachia ng'ombe. Je, mtu aliyejaliwa ustadi wa miguu humwachia mwanawe nini? Wazee walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Leo tutaipima methali hiyo, tuone kama katika mpira ina ukweli wote au nusu tu.

Cheo cha kurithi na cheo cha kuchaguliwa

Tuanze hapa nyumbani, maana historia ya Wanyakyusa ina jambo moja la kutusaidia.

Zamani, mtoto wa kiume alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe wa baba yake. Alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliacha kulala nyumbani kwa wazazi. Alikwenda pamoja na wenzake wa rika lake, wakajenga vibanda vyao mahali pao. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kijiji cha rika. Chakula walikula kwa mama zao: leo kundi zima linakwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wataalamu waliokuja kuchunguza desturi hizi katika miaka ya 1930 walishangaa sana, maana katika nchi nyingi watu hujenga vijiji kwa ukoo, na hapa vijana walijenga kwa rika.

Sasa sikilizeni vema. Mtoto wa malafyale, yaani wa chifu, naye alikaa pamoja na vijana wa rika lake. Ulipofika wakati wa sherehe ya ubusoka, wazee waliwakabidhi vijana nchi. Uchifu ulikwenda kwa wana wa chifu, kwa kuwa ulikuwa cheo cha kurithi. Lakini wakuu wa vijiji, walioitwa amafumu, hawakurithi cheo kwa baba zao. Walichaguliwa. Watu waliwatazama vijana walivyoishi na wenzao, kisha wakamchagua anayefaa.

Basi katika nchi hii watu walijua tangu zamani kwamba viko vyeo vya aina mbili. Kuna cheo kinachokuja kwa damu, na kuna cheo ambacho mtu hukipata mbele ya macho ya wenzake. Desturi ya vijiji vya rika imepita, na uchifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Lakini swali lenyewe halikupita: je, ubingwa wa mpira ni kama uchifu, au ni kama ufumu?

Baba waliocheza bila utajiri

Kwanza tujue hao baba walikuwa watu gani.

Mpira wa miguu uliletwa Afrika ya Mashariki na Waingereza, ukaenea kwa njia ya shule, misheni, majeshi na kazi za bandari na reli. Mwaka 1926 yalianza mashindano ya Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Hapa kwetu klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaanzishwa ile ambayo baadaye iliitwa Sunderland, na tangu mwaka 1971 huitwa Simba. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965.

Katika miaka hiyo mchezaji mashuhuri hakuwa tajiri. Wengi walikuwa makarani, askari polisi, watu wa reli na wa bandari. Walifanya kazi mchana, jioni wakaenda uwanjani. Jina la mchezaji lilitajwa redioni, na watoto mitaani walijiita kwa jina lake. Lakini yeye mwenyewe alirudi nyumbani kwa miguu, akala ugali kama jirani yake. Mchezaji wa namna hiyo alipozaa mtoto hakuwa na mali ya kumwachia. Alikuwa na jina, na alikuwa na maarifa.

Nanyi msidhani kwamba sifa ya mpira ilikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji ule ulio milimani juu yetu, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Timu kubwa za mjini zilibaki nyuma. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Wana wa Noah Wanyama

Sasa twende Kenya. Katika miaka ya 1980 alikuwako mchezaji aitwaye Noah Wanyama, aliyeichezea klabu mashuhuri ya AFC Leopards ya Nairobi. Yeye na jamaa yake walikaa Muthurwa, mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Huo haukuwa mtaa wa matajiri.

Watoto wake wawili walipata sifa kubwa. Wa kwanza ni McDonald Mariga, aliyezaliwa mwaka 1987. Wa pili ni Victor Wanyama, aliyezaliwa mwaka 1991. Wote wawili walisoma shule ya sekondari ya Kamukunji, Nairobi, shule iliyojulikana kwa michezo.

Tazameni njia waliyopita. Mariga alicheza kwao Kenya, kisha mwaka 2005 akaenda Sweden, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 2007 alijiunga na klabu ya Parma ya Italia. Mwanzoni mwa mwaka 2010 klabu ya Manchester City ya Uingereza ilimtaka, lakini alinyimwa kibali cha kufanya kazi katika nchi hiyo. Jina la baba halikumsaidia hapo, maana afisa wa kibali hakuwahi kumsikia Noah Wanyama. Mariga akaenda Inter ya Milan, na mwaka huo huo Inter ikatwaa ubingwa wa klabu za Ulaya, naye akiwa katika kikosi hicho.

Victor alimfuata kaka yake. Mwaka 2007 alikwenda Helsingborg, klabu ya Sweden aliyoichezea Mariga. Mwaka 2008 akaenda Ubelgiji, na mwaka 2011 akajiunga na Celtic ya Scotland. Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic ilicheza na Barcelona ya Hispania, ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa miongoni mwa timu bora kabisa duniani. Victor aliruka juu, akaupiga mpira kwa kichwa, ukaingia. Celtic ilishinda mabao 2 kwa 1. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Mwaka 2013 alikwenda Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Basi ndugu, hesabuni pamoja nami. Vijana hawa walipata nini kwa baba yao? Walipata mtu nyumbani aliyeujua mchezo, aliyeweza kusema, "Hapa umekosea, rudia tena." Walipata moyo, maana walijua jambo hilo linawezekana. Na mdogo alipata njia iliyokwisha kufyekwa na mkubwa wake. Lakini jasho lilikuwa lao wenyewe, na uwanja wa shule waliuchezea pamoja na watoto wa watu wote.

Baba na mwana nchini Ubelgiji

Mfano wa pili unahusu ukoo wa Origi, nao pia ni wa Kenya. Austin Oduor alikuwa nahodha wa Gor Mahia mwaka 1987, klabu hiyo iliposhinda Kombe la Washindi la Afrika. Ndugu yake Mike Okoth aliichezea Shabana ya Kisii, akaichezea timu ya taifa, kisha akaenda Ubelgiji kucheza mpira wa kulipwa. Mwaka 1999 alikuwa katika timu ya Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji. Klabu hiyo mnaifahamu, maana ndiyo iliyomchukua Mbwana Samatta wetu mwaka 2016 kutoka TP Mazembe ya Kongo.

Mwana wa Mike Okoth, aitwaye Divock Origi, alizaliwa mwaka 1995 katika mji wa Ostend, Ubelgiji. Tangu udogo alilelewa katika shule ya mpira ya Genk. Huko mtoto husoma darasani kama wengine, na jioni hufundishwa mchezo na walimu waliosomea kazi hiyo. Alipokuwa na miaka 15 alikwenda Lille, Ufaransa, katika shule ya mpira ya klabu hiyo.

Tofauti mnaiona? Wana wa Noah Wanyama walianza katika uwanja wa vumbi wa Nairobi. Divock alianza katika uwanja wa majani yaliyokatwa vizuri, wenye taa, na daktari yuko karibu. Baba yake hakumwachia damu peke yake. Alimwachia mahali. Kwa kuwa baba alifika Ubelgiji, mwana alizaliwa penye mlango ulio wazi.

Hata hivyo mlango ulio wazi hauvuki wenyewe. Mwaka 2014 Divock, akiwa na miaka 19, alifunga bao pekee Ubelgiji ilipoishinda Urusi katika Kombe la Dunia huko Brazil. Tarehe 1 Juni 2019, katika fainali ya Ulaya iliyochezwa Madrid, aliifungia Liverpool bao la pili, na Liverpool ikaishinda Tottenham kwa mabao 2 kwa 0. Katika benchi la Tottenham siku hiyo alikaa Victor Wanyama, akingoja kuitwa, na hakuitwa. Wana wawili wa wachezaji wa Kenya walikutana katika fainali moja, upande huu na upande huu. Mmoja alifurahi, mmoja alihuzunika. Jina la baba halijui nani atashinda siku ya mchezo.

Jina ni msaada, tena ni mzigo

Nchi nyingine pia zina mifano. Huko Italia, Cesare Maldini alikuwa nahodha wa Milan mwaka 1963, akapokea kombe la Ulaya. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2003, mwanawe Paolo alikuwa nahodha wa Milan hiyo hiyo, akapokea kombe lile lile. Hata mjukuu, Daniel, aliichezea Milan. Mtu akiwatazama hao atasema kweli mpira ni uchifu.

Lakini tazameni Brazil. Baba yake Pelé, aliyeitwa Dondinho, alikuwa mchezaji mzuri, lakini aliumia goti na hakufika mbali. Mwana alijifunza kwa baba huyo, akichezea soksi iliyojazwa matambara, maana fedha za kununua mpira hazikuwako. Mwaka 1958 alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Mwana wa Pelé, Edinho, naye alicheza: alikuwa kipa wa Santos, klabu ya baba yake. Alikuwa mchezaji wa haki, lakini hakufikia hata robo ya sifa ya baba. Basi baba asiye na sifa kubwa alizaa bingwa, na bingwa wa mabingwa alizaa mchezaji wa kawaida.

Hapa kwetu, Sunday Manara wa Yanga alikwenda Uholanzi mwaka 1977 kuichezea Heracles, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa kwa Mtanzania wa siku zile. Ndugu zake Kitwana na Kassim nao walikuwa wachezaji hodari. Mwana wa Sunday, Haji Manara, alipata sifa kwa njia nyingine: kwa maneno. Alikuwa msemaji wa Simba, kisha mwaka 2021 akawa msemaji wa Yanga. Jina lilibaki katika mpira, lakini kazi ilibadilika. Hilo si kosa. Mtoto ana haki ya kuchukua jembe la baba, au kuchukua nyavu badala yake.

Tena msisahau kwamba jina ni mzigo. Mtoto wa mtu asiyejulikana akikosa bao, watu husema, "Amekosa." Mtoto wa mchezaji mashuhuri akikosa, husema, "Huyu si kama baba yake." Mtoto wa miaka kumi na miwili huambiwa hivyo mbele ya shule nzima. Wengine huacha mchezo kwa sababu hiyo, na hakuna aandikaye habari zao.

Baba wa watoto wote

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo.

Tumeona kwamba mtoto wa mchezaji hupata vitu vitatu: mpira wa kuchezea, mtu wa kumfundisha, na njia ya kupita. Fikirini, wanafunzi. Je, katika vitu hivyo vitatu kuna kimoja kinachotoka katika damu? Hakuna. Vyote vitatu vinaweza kutolewa na mtu mwingine. Na tangu zamani mahali palipotoa vitu hivyo kwa mtoto wa mkulima ni shule.

Tanzania tuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na UMISSETA kwa shule za sekondari. Mtoto hutoka timu ya shule, akaingia timu ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha akaonekana kwa taifa zima. Mwanzoni mwa karne hii mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarudishwa. Fikirini nani aliumia katika miaka hiyo. Mwana wa mchezaji hakuumia sana, maana mwalimu wake alikuwa nyumbani. Aliyeumia ni mtoto wa mvuvi wa Matema na mtoto wa mlimaji wa mpunga wa Ipinda. Huyo baba yake wa mpira alikuwa shule, na kwa miaka ile alikuwa kama yatima.

Ndiyo maana nawaomba muutazame uwanja wa shule ya kijiji chenu kwa macho mapya. Kwetu mvua ni nyingi, na majira ya masika uwanja huwa bwawa. Je, mfereji wa kutoa maji umechimbwa? Magoli yamesimama, au yameliwa na mchwa? Je, kuna mtu anayeanza kulima pembeni ya uwanja, mwaka huu tuta moja, mwaka ujao matuta matatu? Uwanja ukiliwa hivyo, watoto watacheza barabarani, na huko magari yanapita.

Tena kuna wasichana. Katika mifano yote ya leo tumetaja baba na wana. Hiyo ndiyo historia ilivyokuwa, kwa kuwa wasichana hawakupewa uwanja. Lakini siku hizi Tanzania ina timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ambayo ilifika mashindano makubwa ya Afrika mwaka 2010. Ukimpa binti yako jembe, ndoo na mtoto wa kubeba kila jioni, utajuaje kama miguu yake ina ustadi?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtoto atafika Ulaya. Walio wengi hawatafika, hata wenye baba mashuhuri. Wala mpira si sababu ya kuacha masomo. Goti huumia siku moja, kama goti la Dondinho, lakini aliyejua kusoma na kuandika habaki bila kazi ya kufanya. Ninyi wenyewe mliochukua kalamu mkiwa watu wazima mnalijua jambo hili kuliko mimi.

Basi turudi kwenye methali. Mtoto wa nyoka ni nyoka: ni kweli kwa nyoka. Kwa mpira, ukweli wake ni nusu. Mwana wa bingwa huanza mbele kidogo, lakini hatimaye husimama uwanjani pamoja na rika lake, na watu humtazama anavyocheza, kama wazee wa hapa walivyowatazama vijana wao kabla ya kuwachagua amafumu. Ubingwa ni cheo cha kuchaguliwa. Kazi yetu sisi wakubwa ni kuhakikisha kwamba watoto wote wamefika uwanjani siku ya kuchaguliwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Uchifu na ufumu vilitofautiana namna gani? Wazee waliomo darasani waeleze waliyoyasikia kwa baba zao.
2. Taja vitu vitatu ambavyo mtoto wa mchezaji hupata nyumbani. Ni nani kijijini kwenu anayeweza kumpa vitu hivyo mtoto asiye na baba mchezaji?
3. Kwa nini jina kubwa la baba huweza kuwa mzigo kwa mtoto?
4. Nendeni pamoja mkautazame uwanja wa shule iliyo karibu. Kisha andikeni barua fupi kwa kamati ya shule, mkieleza mambo mawili yanayohitaji kutengenezwa. Kila mmoja atie sahihi yake kwa mkono wake mwenyewe.